Mhariri, gesi ya Likong'o sio ile ya mtungi wa shangazi

Ndugu mhariri, salaam.

Naandika hii kwa simu nikiwa kwenye foleni ya gesi ya magari, saa nane kasoro usiku, mbele yangu kuna gari kama arobaini, bajaji sijahesabu, kwahiyo mkikuta sentensi imekatika katikati jueni foleni imesogea. Mi ni dereva wa teksi za mtandao, naishi Mbagala, nimezaliwa Lindi, na gazeti lenu nalichukua pale Rangi Tatu karibia kila asubuhi, yani lawama hizi zinatoka kwa mteja.

Wiki iliyopita mlitoa habari ya mradi wa LNG wa Likong'o kule Lindi, ule wa kuigeuza gesi ya baharini iwe maji iuzwe nje kwa meli. Habari yenyewe haikuwa mbaya, waziri kasema hivi, kampuni zimesema vile, mazungumzo yanaendelea, tumezoea. Tatizo picha. Mmeweka picha ya mitungi ya gesi ya kupikia imepangwa nje ya duka, ya bluu, ya kijani, ya chungwa, na chini yake mkaandika kwamba mradi ukikamilika wananchi watapata unafuu wa nishati ya kupikia. Hiyo picha ndo imeniletea kesi.

Nina shangazi Lindi mjini anauza samaki wa kukaanga jioni, anatumia mkaa miaka yote. Mjukuu wake akamsomea gazeti. Saa mbili usiku nina abiria nyuma naona simu ya shangazi, napokea, ananiambia baba nimeona mitungi inakuja Likong'o, sasa hili jiko la mkaa niliuze au nisubiri kwanza wafungue? Nikamwambia shangazi subiri nitakupigia. Nikampigia kesho yake, nikaongea nusu saa na vocha ikaisha bado anasema "si gesi ni gesi tu". Ndo nikaona bora niwaandikie nyie, maana shangazi yangu ni mmoja ila picha yenu imeonwa na watu wengi.

Sa naomba mnivumilie nieleze kama nilivyomweleza yeye. Mimi sio injinia. Mwaka 2013 huko kwetu kila mtu alikuwa anasema gesi, gesi, viwanja vimepanda bei, mahoteli yanajengwa, watu wanasema kusini itakuwa Dubai, na mimi nikaenda chuo cha ufundi nikasoma uchomeleaji nikijua nitachomelea mabomba ya gesi. Nimeishia kuchomelea mageti ya Mbagala, halafu nikanunua IST ya mkopo. Lakini darasani tulifundishwa na vitu vingine havijatoka kichwani.

Chukua mtungi wa kilo sita uutikise. Utasikia kitu kinacheza ndani, chwa chwa, kama maji kwenye dumu. Hiyo ndo LPG, ni propani na butani, na tabia yake ni kwamba ukiibana kidogo tu inageuka maji kwa joto hili hili la kwetu, ndo maana inakaa kwenye mtungi wa bati jembamba na mama anaubeba kichwani. Inakuja na meli kutoka nje, inashushwa Dar na Tanga. Yote. Hakuna mtungi hata mmoja mtaani uliojazwa gesi ya visima vyetu vya Songo Songo au Mnazi Bay, na sio kwa sababu kuna mtu anatuhujumu, ni kwamba gesi yetu karibia yote ni methani, ni gesi kavu, ile propani na butani ndani yake ni kiduchu mno huwezi kuanzisha biashara ya mitungi.

Methani yenyewe ni mkaidi. Kwa joto la Dar au la Lindi hata uibane vipi haigeuki maji. Kwahiyo ukitaka kuibeba una njia mbili. Ya kwanza unaibana kwa nguvu sana ikiwa gesi hivyo hivyo, mpaka bar 200. Tairi ya gari yangu ina upepo wa bar mbili na kidogo, sasa piga hesabu, ni kama mara mia ya tairi, ndo maana mtungi uliopo kwenye buti yangu ni chuma kinene, mzigo hasa, na mabegi ya abiria wa uwanja wa ndege siku hizi yanakaa siti ya nyuma wananinunia. Hiyo ndo CNG. Njia ya pili unaipoza iwe maji. Unaisafisha kwanza unatoa maji, unatoa kaboni dayoksaidi, vitu ambavyo vingeganda na kuziba mitambo, halafu unaipoza mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri. Hapo inakuwa maji, na inanywea mara 600. Yani chukua mapipa matatu ya lita mia mbili mbili yamejaa gesi, itakayobaki ni chupa moja ya lita moja kama ile ya maji ya kunywa. Hiyo ndo LNG. Halafu inapakiwa kwenye meli ambayo matangi yake ni kama chupa ya chai, haina friji ndani, inazuia joto tu lisiingie, na ile kidogo inayochemka njiani meli inaitumia kuendeshea injini.

Hayo ndo matatu. Mtungi wa shangazi, buti yangu, na meli ya Likong'o. Nyie mmeyaweka kwenye picha moja.

Foleni imesogea gari tano. Tuendelee.

Najua mtasema huyu dereva anatafuta makosa madogo, picha tu. Lakini kule kwetu hii kuchanganya gesi ina gharama yake, kwa sababu watu wanasubiri, na mtu anayesubiri kuna mambo hafanyi. Shangazi huyo huyo alikuwa na shamba upande wa Likong'o, korosho na minazi ya babu yetu na miembe miwili. Eneo likachukuliwa kwa ajili ya mradi, zaidi ya hekta elfu mbili, Likong'o, Mto Mkavu, Masasi ya Leo. Wakaja watu wa tathmini wakahesabu miti, wakaandika namba kwa rangi kwenye mikorosho, wakasema msiendeleze. Msiendeleze maana yake usipande, usijenge, usikarabati. Miaka ikapita. Mkorosho usipopaliwa na kupuliziwa dawa unaujua mwenyewe. Fidia imeanza kulipwa 2020. Sitataja ofisi wala mtu, na wengine wamelipwa vizuri wala hawalalamiki, shangazi yeye alipata, akajenga vyumba viwili, ila kila ukimuuliza anachokumbuka ni ile miaka ya kuangalia namba za rangi kwenye miti yake mwenyewe. Sasa mtu kama huyo ukimwonyesha picha ya mitungi kwenye habari ya Likong'o anasema haya, angalau malipo yangu mengine ndo haya yanakuja. Hayaji, mhariri. Kwenye mtungi hayaji.

Halafu tuangalie huo mradi wenyewe umefika wapi, maana kila mwaka mnaandika "uko mbioni". Gesi ya kina kirefu ilianza kupatikana 2010. Mnakumbuka yale majina? Visima vya upande mmoja walivipa majina ya viumbe wa baharini, Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, na upande wa pili wakavipa viungo, Zafarani, Lavani, Tangawizi, Giligiliani. Yani ukisoma ramani unasikia harufu ya pilau na kitoweo, na bado hakijapikwa kitu. Kote nchini tunaambiwa kuna gesi futi za ujazo trilioni 57 na nusu, na katika hizo kama 47 ziko huko baharini, sehemu nyingine maji yana kina cha zaidi ya kilomita mbili. BG, Waingereza wa visima vya kina Pweza, wakauzwa kwa Shell 2016. Wale wa Norway wa visima vya viungo, Equinor, Januari 2021 wakaandika kwenye vitabu vyao kwamba mradi wa Tanzania umewashushia thamani dola milioni 982, maana yake kibiashara waliona hapa kwa sasa hakuna pesa. Juni 2022 ukasainiwa mkataba wa awali, January Makamba ndo alikuwa waziri wa nishati, tukashangilia. Mei 2023 tukaambiwa mazungumzo yamekamilika. Mpaka hapa nilipo kwenye foleni uamuzi wa mwisho wa kuwekeza pesa bado, na bila huo hakuna hata tofali.

Na nawaelewa kwanini wanasita, sio wote wezi kama tunavyosema vijiweni. Mradi unatajwa dola bilioni 42. Bomba kubwa la Mtwara mpaka Dar, lile la inchi 36, kilomita zaidi ya mia tano, lilijengwa kwa kama bilioni moja na ushee, mkopo wa China, na tuliliona kubwa. Sasa hili ni kama mabomba thelathini na kitu kwa pamoja. Hakuna benki inatoa hela hiyo mpaka ione mnunuzi amesaini kuchukua gesi miaka 15, miaka 20. Na mnunuzi ana pa kwenda. Wamarekani wameanza kusafirisha LNG ya Louisiana mwaka 2016, kufika 2023 wakawa wa kwanza duniani kwa kuuza. Qatar nao wanaongeza mitambo. Sisi tuligundua kabla hao hawajapakia meli ya kwanza pale Louisiana na bado tunajadiliana vipengele.

Kuhusu matumizi ya hiyo LNG huko duniani sina mengi, ina kazi yake kubwa. Mjapani hana gesi wala bomba la kumfikia, baada ya Fukushima 2011 alipozima mitambo ya nyuklia LNG ndo ikamuwashia taa. Mjerumani alikuwa hana hata gati moja ya kupokea LNG, gesi ya Urusi ilivyokatika 2022 akajenga haraka haraka pale Wilhelmshaven, Desemba mwaka huo huo ikaanza kazi. Ila aliyelipia ile haraka yumo pia Mpakistani, maana bei ilipaa, Ulaya inalipa zaidi, Pakistan inatangaza tenda ya kununua gesi hakuna anayejitokeza, umeme unakatwa masaa na masaa. Hili naomba mlishike kwa sababu huwa tunaambiwa LNG ni usalama wa nishati. Ni usalama wa mwenye hela siku hiyo.

Na wanaouza nao wasitudanganye kwamba kuuza nje kunawasha taa nyumbani. Nigeria wanapakia LNG kutoka kisiwa cha Bonny tangu 1999. Miaka yote hiyo. Mwulize Mnigeria yoyote kuhusu jenereta. Sio kwamba Bonny imefanya vibaya, inaingiza pesa kweli, ila bomba la kwenda melini na waya wa kwenda nyumbani ni vitu viwili, kimoja hakijengi kingine. Jirani zetu wa Msumbiji ndo wanauma zaidi kwa sababu Palma ni pua na mdomo na Mtwara, wapo wanaoongea Kiswahili kule na wapo Wamakonde wenzetu. Machi 2021 mji ulishambuliwa, watu wakakimbilia vichakani na baharini, mradi wa Total wa Afungi ukasimama miaka. Wakati huo mtambo mwingine unaoelea huko mbali baharini, Coral Sul, ulipakia meli yake ya kwanza Novemba 2022, salama kabisa, haugusi ardhi. Sa mnaona, gesi inaweza kuuzwa bila mtu wa nchi kavu kuiona hata moshi wake.

Samahani nimekuwa mrefu. Nimefika nyuma ya pikipiki za matairi matatu, sio mbali sasa.

Niseme kuhusu hii foleni maana ndo sehemu mnayoweza kusaidia. Kubadilisha gari yangu kutoka petroli kwenda gesi nilitoa milioni moja na laki nane. Mtungi wangu unachukua kilo 11, kilo ni shilingi 1,550, kwahiyo nikijaza fulu natoa kama elfu kumi na saba, natembea karibia kilomita 180. Petroli ya mwendo huo inanila elfu arobaini hivi. Utaona kwanini watu wanalala hapa. Lakini ukifika kwenye pampu usiku kama huu, yule kijana anachomeka, mshale unapanda, themanini, mia, mia ishirini, unafika mia na thelathini unagoma. "Presha imeshuka kaka." Unalala foleni masaa matatu unapata kilo saba. Kesho yake mchana unarudi tena, masaa mengine matatu ambayo hujabeba abiria.

Sasa hapo ndo swali langu lilipo. Kwani gesi imeisha? Haijaisha. Bomba la Mtwara limetengenezwa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku na tangu Kikwete alifungue Oktoba 2015 halijawahi kujaa. Na sasa bwawa la Nyerere lina mitambo yake yote tisa, megawati 2,115, ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 umekuwa hadithi, kwahiyo hata mitambo ya umeme wa gesi ya Kinyerezi haili gesi kwa njaa ile ya zamani wakati mto umejaa. Gesi ipo hapa hapa Dar, chini ya barabara ninayopita. Ninachokosa mimi ni kompresa, pampu, vituo. Vitu vya mabilioni ya shilingi, sio mabilioni ya dola. Vituo vinaongezeka, nakiri, kituo mama, kile kinacholisha vituo vingine, kimejengwa barabara ya Sam Nujoma na kingine na kingine, lakini magari yanaongezeka kwa kasi zaidi ya pampu.

Na hakuna hata tone la gesi hii linalotoka kwenye hivyo visima vya kina kirefu vya LNG. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, hizo ndo zinatuendesha, moja kisiwani Kilwa, nyingine ufukweni Mtwara. Kwahiyo mtu akisema Likong'o ikianza foleni itaisha, huyo kachanganya kama mlivyochanganya nyie na picha.

Msije mkaniweka kwenye kundi la wanaopinga mradi. Sipingi. Dola zikipatikana zije, na vijana waliosoma uchomeleaji na mimi wengine bado wanangoja, mikono inatetemeka sasa lakini watapiga hata kibarua. Naupima kama biashara ya kuuza nje, basi. Korosho tunauza nje na hatusemi korosho itashusha bei ya mafuta ya taa. Kwenye hiyo mikataba ninachotaka nyie waandishi mbanane nao ni kile kipengele cha gesi itakayobaki nchini. Asilimia ngapi, kwa bei gani, na inakabidhiwa wapi, maana mtu anaweza kukupa asilimia kumi ikiwa kule kisimani maji kilomita mbili akakwambia haya chukua. Ukisoma habari za mkutano zote zinaishia "pande zote zimeridhika". Pande zote akina nani, na 2013 je? Mnakumbuka Mtwara walivyosema "gesi haitoki", watu walikufa pale, na shida haikuwa ujinga kama ilivyosemwa wakati ule, hawakuwa wameambiwa kwa lugha ya kueleweka bomba linaenda wapi na wao wanabaki na nini.

Kuna LNG moja naipenda kweli na mnaiandika kwa nadra. Ile ndogo. Unaweka kimtambo kidogo pembeni ya bomba, unaipoza gesi iwe maji, unaimimina kwenye lori lenye tangi la chupa ya chai, linapanda Dodoma, Mwanza, Arusha, kule inapashwa inarudi kuwa gesi, inaingia kiwandani au kwenye kituo cha magari. China barabara zao zimejaa malori ya namna hiyo, na mengine injini zake zenyewe zinatumia hiyo hiyo LNG. Lori moja la LNG linabeba kuliko lori la CNG kwa sababu halibebi machuma mazito. Mtu wa Mwanza atasubiri bomba mpaka lini? Hiyo ndo LNG ambayo ingenigusa hata mimi, jamaa yangu wa malori ya Kahama anatumia dizeli kwenda na kurudi, akiweza kujaza gesi njiani atashusha nauli ya mzigo, na unga utashuka, na mimi nitakula. Sina uhakika kama waandishi mnaona haina mvuto kwa sababu haina picha ya rais anasaini.

Mtu wa mazingira atasema methani ikivuja inachoma dunia kuliko kaboni, ni kweli, mabomba yakaguliwe. Lakini nimeona magunia ya mkaa yanavyoingia Mbagala kutoka Rufiji na Kilwa kwenye pikipiki usiku, magunia matatu manne nyuma ya boksa, kwahiyo kwa shangazi yangu mjadala huo tuufanye akiwa ameshatoka kwenye moshi. Serikali yenyewe imesema asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mtungi utafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na ni mtungi wa kuagiza, tulipie dola, tusidanganyane kwamba ni gesi yetu.

Ila kuna ya kwetu kweli. Ya bomba. Mikocheni na Sinza kuna nyumba mtu anafungua koki jikoni inatoka methani ya Songo Songo au ya Mnazi Bay, ina mita kama ya luku, hakuna kubadilisha mtungi, hakuna kuishiwa ukiwa unakaanga. Mtwara zipo. Mkuranga wamepeleka. Na Lindi, pale Mnazi Mmoja, njia panda ya kwenda Masasi, wamepeleka pia. Nilipomwambia shangazi hivyo alinyamaza kwanza. Halafu akasema, Mnazi Mmoja hii hii ya kwetu, ninayopanda daladala kwenda msibani? Nikamwambia hiyo hiyo. Akasema sasa mbona hao gazeti hawajasema, na kutoka pale mpaka kwangu ni bomba la urefu gani?

Sikuwa na jibu la swali la pili. Nyie mna mwandishi Lindi, jina lake naliona kila wiki. Mtumeni Mnazi Mmoja, daladala tu inamfikisha, aingie jikoni kwa mtu mmoja aombe ruhusa, apige picha ile koki na mita na sufuria ikiwa jikoni, aulize wanalipa shilingi ngapi kwa mwezi na walisubiri muda gani kuunganishwa, halafu apite ofisi inayohusika aulize lini mjini. Hiyo picha ndo muiweke mkiandika gesi ya Lindi na kupikia kwenye sentensi moja. Ya mitungi itoeni.

Ni mimi msomaji wenu,
Dereva, Mbagala